Mama, Nyumba Yetu ya Bondeni Sasa Imefunguliwa

Kwako mama, uliyelala Bunyore,

Najua hukusoma. Barua zangu zote ulisomewa na mwalimu wa kanisani, nawe ukimkatiza kila mstari kumwuliza kama nimesema ninakula vizuri. Hii hakuna wa kukusomea. Nimeiandika hata hivyo, na sijali ni nani mwingine ataisoma, kwa sababu hapa Nakuru limetokea jambo Jumamosi iliyopita na wewe ndiye uliyepaswa kuambiwa kwanza. Nitalifikia. Unanijua, siwezi kufika mahali bila kuzunguka.

Unakumbuka nilipokuandikia kwamba Yohana amenunua nyumba? Mwalimu alinijibu kwa niaba yako, na nilikusikia kabisa katika mwandiko wake: "Mama yako anauliza, nyumba inanunuliwaje? Mwenyewe alikosa miti?" Nilicheka mpaka wanawake wa bombani wakaniuliza kuna nini. Kwetu mtu hununua mbuzi, hununua blanketi, hununua sufuria. Nyumba hujengwa, na wanaoijenga ni ndugu zake, wakila na kunywa pombe yake na kuitukana kazi ya kila mmoja. Ulidhani mkweo amepata wazimu wa mjini.

Hukuijua landi, mama. Hizo ni nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kwa familia nzima, na Yohana alipewa chake kwa sababu alikuwa akiunganisha mabehewa kule yadini. Tulikuwa tukilala upande huu wa pazia, na upande ule tumeweka jiko, baiskeli na magunia. Jirani akikohoa, mimi ndiye niliyekuwa nikiamka. Na chumba chenyewe kilikuwa cha kazi, kwamba siku mtu akianguka katikati ya mabehewa akavunjika mguu, mkewe anapewa siku chache za kufunga vyombo. Niliona hayo kwa macho yangu. Ndiyo maana bibi mmoja Mnubi wa Bondeni alipotangaza kwamba anahamia kwa mwanawe Nairobi na nyumba yake anaiuza, Yohana hakulala. Ilikuwa nyumba ya udongo, paa la mabati, vyumba vitatu na jiko la nje. Nilipoiona mara ya kwanza nilijishika kiuno kama mke wa chifu.

Hakuna aliyetuambia kwamba nyumba ya kununua huja na tabia zake. Ukutani kulikuwa na misumari mahali ambapo sisi hatukuwa na kitu cha kutundika, na pale tulipohitaji msumari hapakuwa na hata mmoja. Paka wa yule bibi hakuhama naye. Alikaa juu ya sanduku letu akitutazama kama wageni waliochelewa kuondoka. Kwa miezi watu walibisha hodi wakimwulizia bibi, kwa maana alikuwa akitibu matumbo ya watoto, na mama mmoja kutoka Lanet alikataa kabisa kuamini kwamba mimi sijui dawa. Aliniwekea mtoto mapajani na kusubiri. Mlango ulivimba wakati wa mvua ukakataa kufunga, na wakati wa kiangazi ukakonda ukakataa kukaa umefungwa. Upepo wa mchana ulileta vumbi jeupe kutoka ziwani na kulimwaga kwenye unga. Na usiku, mama, kulikuwa kimya. Kule landi tulikuwa tumelala miaka yote na kishindo cha mabehewa, sasa kimya hicho kilitukodolea macho. Yohana alikuwa akigeuka kitandani akiuliza, "Hii mji imekufa?"

Nilikuwa nakungoja. Kila kilichoharibika nilikiacha kidogo, nikisema mama akija ataniambia la kufanya. Niliamini kwamba nyumba itakuwa yangu hasa siku utakapoingia, ukae kwenye kigoda changu, unywe uji wangu na kuukosoa.

Ukaja. Ulipanda treni pale stesheni ya kwetu, Luanda, ukiwa na kuku, viazi vitamu, na mbegu za mrenda ulizozifunga kwenye pindo la leso. Nilikupokea stesheni peke yangu, maana Yohana, kama mkwe mwenye adabu, alikuwa amejitafutia kazi upande wa mbali wa yadi. Tulitembea mpaka Bondeni ukilalamikia ukavu wa hewa. Ulipoiona nyumba ulisimama, ukaitazama kuanzia mabati mpaka msingi, ukasema, "Ni kubwa." Moyo wangu ulijaa. Kisha ukauliza kwa sauti ile ya kuulizia chumvi:

"Nani alifungua hii nyumba?"

"Yohana."

"Baba yake amelala ndani?"

"Bado, mama."

"Basi mimi nitalala kwa nani?"

Sitaki kujifanya sikujua. Nilijua, ila nilikuwa nimetumaini kwamba desturi hazipandi treni. Kwetu mama haingii nyumba ya mkwe wake hivi hivi. Wa kwanza kuja ni upande wa mume: baba yake afike, alale, alfajiri awashe moto kwa mkono wake. Hapo ndipo wakwe huitwa kwa heshima, na mama wa mke huingia akiwa mgeni mkubwa. Sasa baba mkwe alikuwa amekataa kuja. Alisema mwanawe hawezi kufunguliwa nyumba ya kununua mjini wakati kwao hajasimamisha hata nguzo. Na Yohana hakuweza kusimamisha nguzo kwao kwa sababu kaka yake mkubwa, Elam, alikuwa hajajenga, na mdogo hamtangulii mkubwa kujenga katika boma la baba yao. Na Elam alikuwa Kuresoi, akilima viazi vya mzungu, na habari ya kujenga haikumkosesha usingizi hata siku moja.

Hivi ndivyo mguu wako ulivyofungwa, mama. Ulifungwa na mwanamume aliyekuwa milimani, ambaye hukuwahi kumwona.

Ulilala kwa Mama Halima, jirani yetu wa mbele, yule muuza maandazi. Alikupokea kama dada yake. Kila asubuhi ulivuka njia na kuja kwangu, ukaweka kigoda chako nje ya ule mstari ambao matone ya paa huchimba chini. Ndani ya mstari huo, ulisema, ni nyumba. Nje yake ni uwanja, na uwanja hauna mwenyewe. Hata barazani hukukaa. Jua likikuwakia ulijifunika leso kichwani, mvua ikija ulichukua kigoda chako ukaenda kwa Halima.

Kutoka hapo ulinihamisha ndani ya nyumba yangu. Mlango wazi, dirisha wazi, na wewe ukipaza sauti kama mtu anayeita ng'ombe.

"Kitanda unaweka wapi?"

"Hapa, karibu na mlango."

"Toa. Mtu akiingia anaona miguu yenu. Sukuma kule ndani. Zaidi. Hapo."

Bondeni nzima ilijua kitanda changu kilipo. Uliniagiza niende mnadani nikaombe mavi ya ng'ombe nikapake sakafu, na nilipoleta kidogo ukaniuliza kama nimeyanunua kwa kijiko. Uliniambia nitie majivu kwenye pembe zote kwa ajili ya siafu. Ukuta wa nyuma ulipopasuka, kwa sababu ardhi ya hapa hupasuka mvua ikinyesha, wewe ulikanyaga udongo kwa miguu yako uwanjani na mimi nikakandika. Nilikuomba uje uone kama nimelainisha vizuri. Ulikunja macho ukiwa pale pale ulipo. "Kushoto kuna donge," ulisema, na kweli lilikuwepo.

"Mimi ni mtu wa nje," ulizoea kusema, "wacha nishike za nje." Ukapanda mrenda wako hatua chache mbele ya mlango. Halima aliuonja, akasema huu mlenda wenu unateleza kabla haujafika mdomoni. Mlicheka sana nyinyi wawili, na mimi niliwasikia nikiwa ndani, nikikoroga ugali, nikiona wivu. Halima alikuwa na wewe jioni zote. Mimi mwanao nilikuwa na nyumba.

Nawe na Yohana, jamani. Akirudi kazini na wewe upo uwanjani, alizunguka kwa nyuma, na wewe ukageuka kutazama mrenda. Hamkuwahi kuangaliana usoni wala kuitana. Lakini mlikuwa na mengi ya kuambiana, na yote yalipitia kwangu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie mama yako bati ya kona inavuja, lakini nitapanda Jumapili."

"Mwambie bwana yako asipande na viatu. Ataongeza tundu zingine."

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie nimesikia amesikia."

Wakati mwingine nilichoka, nikakaa kimya, na nyinyi mkanisubiri. Mngeweza kungoja hadi kesho yake. Lakini nilimwona Yohana siku moja akichungulia kwenye ufa wa mlango ulipokuwa unaondoka kwenda kwa Halima, ukichechemea na lile goti lako. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo mama analala vizuri huko? Ana blanketi ya kutosha?" Akalitoa letu.

Miaka hiyo ilikuwa ya Hali ya Hatari. Kulikuwa na kafyu, na askari waliingia nyumba kwa nyumba kutazama vipande, vile vitambulisho vya serikali. Safu ya nyuma yetu ilikuwa na nyumba zilizofungwa kwa mbao, na uliniuliza wenyewe wako wapi. Nilikwambia ni Wakikuyu, walipakiwa kwenye malori asubuhi moja, wakapelekwa makwao, wengine wakiwa hawajui tena kwao ni wapi. Kisha ukasema, "Na nyinyi mnataka kukaa mahali lori inaweza kuja." Ulirudi Bunyore juma hilo, na nadhani ni maneno hayo yaliyonifanya niende Kuresoi.

Sikuwahi kukusimulia safari hiyo yote. Nilipanda treni mpaka Molo, kisha nikaomba nafasi juu ya lori la magunia. Baridi ya kule hairuhusu mtu kufikiri. Elam nilimkuta shambani akichimbua viazi, amevaa koti la jeshi lisilo na vifungo. Alifurahi kuniona. Alinichemshia viazi, akanisimulia habari za mbwa wa mzungu wake, na nilipomwambia nimekuja kumwomba ajenge kwao, akacheka.

"Shemeji, nijenge nani akae? Panya?"

"Ujenge ndio Yohana apate kujenga."

"Yohana iko na nyumba ya mabati Nakuru. Anataka ingine ya nini?"

"Baba amekataa kuifungua. Na isipofunguliwa, mama yangu hawezi kuingia. Anakaa nje kwa jua, Elam. Analala kwa jirani."

Aliacha kumenya kiazi. Alikitazama kama kwamba yeye ndiye aliyekuwa amemenywa. "Yaani ni mimi nimefunga mama yako nje?"

Aliniambia atakwenda baada ya viazi. Nikamshukuru. Sikujua kwamba Kuresoi viazi haviishi, vikitoka hivi wanapanda vile, na mtu anayesema baada ya viazi hajasema kitu.

Ulikuja tena nilipokaribia kujifungua. Tulikuwa tumekubaliana kwamba uchungu ukianza nivuke kwa Halima mapema, na kitanda kilikuwa tayari. Lakini mtoto wa kwanza hajui mipango ya watu. Ilikuwa alasiri, Yohana yuko yadini, Halima yuko sokoni, na mvua ya Aprili ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba sikujisikia nikilia. Uchungu ulinishika wote kwa mara moja, nikaanguka kwa magoti karibu na kitanda. Nilikuita. Ulikuja mbio kutoka kwa Halima, nikakuona mlangoni. Hapana, siyo mlangoni. Ulisimama pale kwenye mstari. Maji ya paa yalikuwa yanamwagika kama pazia, wewe upande ule, mimi upande huu, na leso yako imelowa na kukushika mwili mzima.

"Ingia, mama," nilisema.

Uliinua mguu. Niliona. Kisha ukaurudisha chini.

"Njoo," ulisema. "Toka uje kwangu. Mimi niko hapa. Njoo pole pole, shika ukuta."

"Siwezi."

"Unaweza. Shika ukuta. Mimi siendi popote."

Nilikuchukia, mama. Kwa muda ule wote wa kutoka kitandani hadi mlangoni nilikuchukia kwa nguvu ambazo sikujua ninazo, na nadhani ni hizo zilizonifikisha. Nilipovuka maji ulinidaka. Mikono yako ilikuwa baridi na haikutetemeka hata kidogo. Awinja alizaliwa kwenye kitanda cha Halima, mvua haijakatika, na wewe ndiye uliyemshika kwanza.

Siku mbili sikusema nawe ila ya lazima. Hukunilaumu. Ulinikanda maji moto, ukanipikia uji wa wimbi, ukamwogesha mtoto ukimwimbia. Siku ya tatu ulikaa ukingoni mwa kitanda ukasema, bila mimi kukuuliza:

"Nikiingia, mvua ama hakuna mvua, kesho watasema nyumba ya Yohana ilifunguliwa na mkwe mwanamke. Watamcheka hapa na watamcheka nyumbani. Wewe unajua mwanamume akichekwa huko nje hasira anapeleka wapi. Anapeleka kwake. Na huko kwake ni wewe uko."

"Yohana si wa hivyo."

"Leo si wa hivyo," ulisema. "Mimi nataka ukae miaka mingi. Nilikuwa na mguu mmoja ya kuinua, na ningeinua. Usifikiri haikuwa inaniuma."

Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi. Kuna siku nakubali kwamba ulinipenda kuliko nilivyoweza kuona. Kuna siku nasema hapana, mtoto wako alikuwa chini, ungeingia tu, tungetengeneza aibu baadaye. Hata leo sijaamua. Ningependa tugombane juu yake, wewe na mimi, tukiwa tumekaa mahali pamoja. Hicho ndicho ninachokikosa zaidi.

Elam alijenga mwaka uliofuata. Sijui ni nini kilichomwamsha. Yeye anasema ni aibu, mkewe anasema ni baba yao aliyemtumia salamu ambazo hazirudiwi mbele ya watoto. Alijenga kibanda cha kuegemea, lakini kilikuwa na mlango na kilitosha. Yohana aliomba likizo ya kwanza aliyopata, akaenda kujenga. Aliniandikia: nguzo zimesimama, fito zimefungwa, anangoja nyasi za kuezeka. Niliposoma nilianza kusafisha nyumba siku hiyo hiyo, kana kwamba uko njiani. Nilimwambia Halima kwamba safari hii ulale kwangu, na yeye akasema atakuja kukulilia dirishani.

Ni Yohana aliyeniletea habari. Ulikuwa umeumwa kifua kwa majuma, ukakataza nisiambiwe, kwa sababu nilikuwa nanyonyesha. Ulikufa paa lake halijaezekwa. Alikuwa anauona moshi wa boma lenu kutoka juu ya fito zake, aliniambia, na asubuhi moja akasikia kilio, akateremka, akaacha nyundo huko juu. Kwenye mazishi alisimama mbali, upande wa migomba, kama mkwe anavyotakiwa. Watu walidhani ni adabu tu. Mimi nilimwona mabega.

Basi nyumba ya Bunyore ilikamilika, na ya Bondeni ikabaki na deni lake. Tulikaa. Mlango uliendelea kuvimba na kukonda. Nilizoea kimya cha usiku, nikazoea vumbi, paka akazeeka akanikubali. Watu hawaji tena kumwulizia yule bibi, siku hizi wanasema nyumba ya Mama Awinja. Nilipaswa kufurahi. Lakini kila mwenzangu alipopokea mama yake, hata kama ni kwa kulalamika kwamba amekaa sana, nilijifungia jikoni. Nina hamu na wewe, mama, hamu isiyo na adabu, inayonikuta bombani na kanisani na kwenye foleni ya nyama. Nimejaribu kuikemea. Haisikii.

Sasa nimefika Jumamosi.

Baba mkwe, aliyekuwa akisema kila mwaka kwamba atakuja baada ya mavuno, alikuja hatimaye. Elam alimleta, akiwa na koti jipya lenye vifungo vyote. Mzee alilala chumba cha kati, na alfajiri akawasha moto kwa mkono wake, akapuliza mpaka akakohoa, akakataa kusaidiwa. Tulichinja jogoo, tukala. Kisha akasema sasa nyumba ina mwenyewe, wakwe waitwe.

Kutoka upande wetu alikuja mama mdogo Rasoa, ndugu yako. Ndiye aliyechaguliwa kuingia badala yako. Alikuwa amelala kwa Halima, bila shaka, na alivuka njia akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Alifika uwanjani akasimama. Tulimkaribisha. Hakusogea.

"Mimi ni wa pili," alisema. "Wa kwanza hajaitwa."

Watu walitazamana. Mzee alitazama chini. Halima alikuwa nyuma yake, ameshika mdomo. Nilikuwa ndani, kwenye benchi karibu na moto, na sikujua nifanye nini, kwa sababu Rasoa alikuwa amesema kweli na kweli hiyo haikuwa na desturi yake.

Ni Yohana aliyeinuka. Alitoka nje, akavua kofia, akasimama kando ya mlango. Mama, mtu huyu hakuwahi kukuita kwa kinywa chake. Miaka yote ilikuwa mwambie, mwambie. Alitazama uwanja mtupu, akasema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kuniita mimi:

"Mama. Karibu ndani. Nimechelewa, lakini nyumba iko tayari."

Kisha akageuza uso pembeni, kukupa nafasi ya kupita bila kuangaliwa. Akakaa hivyo. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyemharakisha. Alisubiri muda ambao mama mwenye goti baya angehitaji kuvuka uwanja, kupanda kizingiti na kupumzika kidogo, na nikajua kwamba alikuwa ameuhesabia mwendo wako siku zile zote alizokuwa akichungulia. Ndipo akavaa kofia yake na kumwambia Rasoa, "Sasa wewe, mama mdogo."

Sikukuona ukiingia. Sitawadanganya wanaosoma, na wewe huwezi kudanganywa. Lakini nilisogea kwenye benchi, nikakuachia upande wa moto.

Kaa hapo, mama. Uji unakuja.

Ni mimi,
binti yako, mama yake Awinja